Kuwahesabu Wasiorudi: Mwongozo Kamili wa Kutathmini Programu za Jamii za Uraibu wa Heroini na Kuzidisha Dozi

Ripoti nyingi za programu za uraibu katika pwani yetu ni ripoti za mahudhurio. Wangapi walifikiwa, wangapi walikaa kwenye semina, sindano ngapi zilitolewa. Wote hao ni watu waliokuja. Lakini programu ya uraibu hujulikana thamani yake kwa wale ambao hawakuja tena: aliyeacha methadoni, dawa inayonywewa badala ya heroini, mwezi wa tatu, aliyetoka soba hausi hatumii chochote akafa wiki hiyohiyo, mwanamke aliyefika siku moja akakuta foleni ya wanaume watupu akageuza.

Mwongozo huu ni kwa mratibu wa asasi, afisa ustawi wa jamii, muuguzi au mwelimishaji rika aliyeambiwa "fanya tathmini" na hana bajeti ya kuajiri mtaalamu. Unahusu zaidi heroini, kwa sababu ndiyo inayosimamisha pumzi za watu kuanzia Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Amua unapima programu ya aina gani

Kuna aina nne utakazokutana nazo mara nyingi, na kila moja ina namna yake ya kufaulu. Kliniki ya methadoni inataka mtu abaki kwenye dawa, mwaka hata miaka. Muhimbili ilianza huduma hiyo Februari 2011. Kenya ikaanzia hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Kisauni. Unguja ikapata yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Soba hausi, au nyumba za upataji nafuu kama zinavyoitwa rasmi, zinataka mtu atoke baada ya miezi michache akiwa ameacha kabisa. Huduma ya sindano safi haimdai mtu aache. Inataka asipate VVU wala homa ya ini aina ya C wakati bado anajidunga. Naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na unga, yaani heroini, ina kazi moja: mtu asife leo.

Ndiyo maana swali la "wangapi wamepona?" huharibu tathmini mapema. Anayekunywa methadoni mwaka wa sita, anayefanya kazi na kulipa ada ya mwanawe, kwa kliniki ni mafanikio makubwa. Kwa kipimo cha soba hausi angeandikwa kuwa bado.

Kaa na wahusika, muandike sentensi moja: programu inamfanyia nani, kitu gani, ili nini kibadilike, ndani ya muda gani. Wafanyakazi watatu wakikuandikia sentensi tatu zisizolingana, hilo ni tokeo la kwanza la tathmini yako. Liandike.

Hatua ya 2: Kibali, na ulinzi wa majina

Tanzania Bara, utafiti wa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Zanzibar ina kamati yake ya maadili. Kenya inahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Tathmini ya ndani inayotumia kumbukumbu za programu yenyewe huenda isihitaji yote hayo, ila uliza kwa maandishi na utunze jibu. Kisha barua za utambulisho kwa mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, sheha au chifu, kufuatana na ulipo.

Kubwa zaidi ni majina. Mtu anayekwambia anatumia heroini anakukabidhi kosa la jinai. Mpe kila mtu namba ya siri, na funguo inayounganisha namba na jina ikae mahali pengine, kwa mtu mmoja. Usichukue picha za nyuso maskani, yaani vijiweni watumiaji wanapokutana, hata za kupendezesha ripoti. Kenya, katikati ya miaka ya 2010, wazo la kuchukua alama za vidole katika utafiti wa kitaifa lilipingwa vikali na watu ambao wangechunguzwa, na hofu yao ilieleweka: orodha kama hiyo ikiangukia mikono isiyofaa hugeuka orodha ya watuhumiwa.

Kubalianeni pia kabla ya kuanza mtafanya nini polisi akiomba madaftari. Jibu la swali hilo lisitafutwe askari akiwa mlangoni.

Hatua ya 3: Jua wako wangapi nje ya mlango

Kliniki yenye wateja 300 inaonekana kubwa mpaka ujue mji una watumiaji 4,000. Bila hesabu ya walio nje, huwezi kusema chochote kuhusu ufikiaji.

Anza kwa kuchora ramani ya maskani pamoja na waelimishaji rika: wapi, saa ngapi, wangapi kwa kawaida, wanajidunga au wanavuta. Swali hilo la mwisho lisirukwe, kwa kuwa wengi huvuta heroini iliyochanganywa na bangi, ile kokteli, na hao hawataonekana kwenye hesabu ya sindano.

Kisha tumia njia ya kitu cha pekee. Gawa kitu kisichouzwa mjini, kwa mfano bangili ya mpira ya rangi fulani, kwa watu 200 katika maskani zote, kila mtu moja. Baada ya wiki moja au mbili, watu wengine, bila kushirikiana na wagawaji, wahoji watumiaji 150 na kuwauliza kama walipewa bangili hiyo. Wakisema ndiyo 30, zidisha 200 kwa 150, gawanya kwa 30: unapata makadirio ya watu 1,000. Makadirio tu. Yataharibika wagawaji wakiwapa marafiki zao pekee, au bangili zikianza kuuzwa. Lakini ni bora mara nyingi kuliko namba inayonakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti bila mtu kujua ilikotoka.

Ukishapata makadirio, linganisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya (UNODC) na UKIMWI (UNAIDS) kwa miaka mingi wamehesabu huduma ya sindano kuwa ya kiwango cha juu inapopita sindano 200 kwa mwaka kwa kila anayejidunga, na methadoni inapowafikia zaidi ya asilimia 40 ya wanaoihitaji. Gawanya sindano zenu kwa idadi ya wanaojidunga. Jibu huwanyamazisha watu mkutanoni.

Hatua ya 4: Fuata kundi, usihesabu foleni

Hapa ndipo tathmini nyingi hupotoka, kwa hiyo tuende taratibu.

Tuseme kliniki ilianza Januari na wateja 180 na kumaliza Desemba na 210. Ripoti itasema huduma imekua. Fungua daftari la uandikishaji: mwaka huo waliandikishwa wapya 150. Basi 180 na 150 ni 330. Waliobaki ni 210. Watu 120 wametoka. Wako wapi? Foleni haiwezi kukujibu, kwa kuwa hawamo.

Njia sahihi ni kuchukua watu wote walioanza mwezi mmoja au robo moja ya mwaka na kuwafuata wao tu. Andika wangapi walikuwepo baada ya mwezi 1, miezi 3, 6 na 12. Kliniki ya Muhimbili katika miaka yake ya mwanzo ilionyesha njia: wateja wake walipofuatwa hivyo, takriban asilimia 57 walikuwa bado wanaendelea baada ya miezi 12, na waliopewa dozi ndogo ndio walioacha zaidi. Tokeo la namna hiyo linakwambia pa kushika.

Mambo matatu yaamuliwe kabla ya kugusa daftari. Kwanza, nani amehesabiwa kuwa ameacha. Wengi hutumia siku 30 mfululizo bila kuonekana. Pili, aliyeacha akarudi anaandikwaje. Mimi humweka katika safu yake mwenyewe, maana kurudi ni dalili njema kwa huduma na wala si aibu kwa mtu. Uraibu una kwenda na kurudi. Tatu, kila aliyetoka lazima aangukie fungu mojawapo: amehamia kliniki nyingine, yuko gerezani, amemaliza kwa makubaliano na daktari, amerudi kwenye unga, amefariki, hajulikani.

Hilo fungu la mwisho ndilo la kupigana nalo. Namba za simu za watumiaji hubadilika kila mara, kwa hiyo watafute kupitia waelimishaji rika na kupitia ndugu ambaye mteja mwenyewe alimtaja na kuridhia siku ya kuandikishwa. Wale ambao hawakupatikana kabisa usiwafute kwenye hesabu. Toa majibu mawili: moja ukichukulia wasiojulikana wote wanaendelea vizuri, jingine ukichukulia wote wameharibikiwa. Ukweli uko katikati, na upana wa pengo hilo unampa msomaji kiasi cha kukuamini.

Kwa soba hausi saa ya kuhesabu inaanza siku ya kutoka. Nyumba inayojisifu kwamba asilimia kubwa humaliza programu imeeleza habari za mtu akiwa ndani ya geti. Ulizia siku ya 7, ya 30 na ya 90 baada ya geti.

Hatua ya 5: Vifo, na wale walioponea chupuchupu

Mwili uliozoea heroini hupoteza uzoefu huo haraka unapokaa bila dawa. Mtu akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, kipimo hichohicho kinamuua. Vipindi vya hatari vinajulikana: wiki chache baada ya kutoka gerezani, baada ya kutoka soba hausi au hospitali, baada ya kuacha methadoni, na pia wiki za kwanza za kuanza methadoni kabla dozi haijatulia. Kwa hiyo programu inayomwachisha mtu bila kumwandaa kwa siku ya kuteleza inaweza kuongeza vifo huku takwimu zake za ndani ziking'aa. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Tatizo ni kwamba vifo hivi havionekani. Mtu anafia nyumbani au kwenye gofu. Familia inasema homa ya ghafla. Maziko yanafanyika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo. Uchunguzi wa maiti haufanyiki. Daftari la hospitali halitakuwa na neno.

Kusanya habari kwa njia tatu na uzilinganishe: watu wa maskani, ambao kwa kawaida wanajua nani kafa na alikuwa na nani, daftari la wagonjwa wa dharura, ukitafuta waliopoteza fahamu na wenye shida ya kupumua, na mwenyekiti wa mtaa, sheha au mzee wa mtaa. Kisha, kwa ridhaa, zungumza na familia. Subiri arobaini ipite. Usianze na "alizidisha dozi?" kwa kuwa jibu litakuwa hapana. Uliza alionekana lini mara ya mwisho, alikuwa akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo na kucha zilibadilika rangi, alikunywa pombe au vidonge kama valiamu na bugizi, katika siku 30 za mwisho alitoka wapi. Yape majibu madaraja matatu: yaelekea sana kuwa kuzidisha dozi, inawezekana, haielekei. Mganga au muuguzi awe mmoja wa wanaoamua.

Kwa kuwa vifo katika mtaa mmoja ni vichache kihesabu, walioponea watakufundisha zaidi. Uliza kila mhojiwa kama katika miezi 6 iliyopita alizidiwa mwenyewe au alimwona mwenzake akizidiwa, na watu waliokuwepo walifanya nini. Utasikia maji baridi, maziwa, makofi. Utasikia pia wengi walikimbia kwa hofu ya polisi. Hesabu wangapi walipuliziwa pumzi mdomoni, wangapi walilazwa ubavu, wangapi walipelekwa hospitali, wangapi walipata naloksoni.

Naloksoni ifuatwe kama mnyororo. Tangu 2014 WHO imependekeza kwamba watu wanaoweza kumshuhudia mtu akizidiwa waipate na wafundishwe kuitumia. Basi anza kabatini: chupa ngapi zipo, zinaisha muda lini, funguo ya kabati anayo nani saa nne usiku. Halafu nani ameruhusiwa kuitoa, ngapi ziliwahi kutoka nje ya kituo, ngapi zilikuwa karibu mtu alipoanguka, ngapi zilitumika, aliyetumia chupa yake alipewa nyingine lini. Kwa kawaida mnyororo hukatikia mlangoni mwa kabati. Ukiona naloksoni nyingi mpya kabisa inayokaribia kuisha muda, umeshajua.

Usiulize mtu kama alifundishwa. Mpe mto na bomba la sindano tupu umwambie, "Huyu ameanguka, fanya." Tazama kama anaangalia pumzi kwanza, na kama anajua kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 tu, ilhali methadoni hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo mtu aliyezinduka anaweza kuzama tena na hafai kuachwa peke yake. Anayejua hilo la mwisho amefundishwa kweli.

Hatua ya 6: Kaa kwenye benchi

Nenda siku tatu tofauti, mojawapo iwe Jumamosi au sikukuu, ukakae wanapokaa wateja. Pima muda kutoka kuingia hadi kupata dozi. Mwulize kila mmoja nauli yake, kisha zidisha kwa siku 30: mtu anayehitaji nauli mara mbili kila siku na hana kazi atakwambia kwa nini watu huacha kabla hujafungua jalada lolote.

Kwenye majalada angalia mambo machache yenye uzito. Dozi ya kawaida ya kumshikilia mtu, kwa mwongozo wa WHO, ni kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku; ukikuta wengi wako chini sana, uliza sababu. Tafuta wateja wanaotumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu: dawa hiyo hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na baadhi ya dawa za VVU kama efavirenzi hufanya vivyo hivyo. Dozi isipopandishwa mtu hushikwa na arosto, maumivu ya kukosa dawa, akarudi kwenye unga, halafu anaandikwa mkaidi. Angalia pia aliyekosa siku kadhaa mfululizo alipimwa upya kabla ya kurudishiwa dozi yake.

Na wanawake. Hesabu ni wangapi katika daftari, ulinganishe na ramani yako ya maskani. Kama tofauti ni kubwa, zungumza nao mbali na kituo, kupitia mwanamke wanayemwamini.

Hatua ya 7: Mahojiano

Anayehoji asiwe anayehudumia. Mteja hatamwambia muuguzi wake kwamba anauza dozi yake au kwamba mlinzi anamtukana. Waelimishaji rika ni wahojaji wazuri kuliko wanafunzi wa chuo, ila wapangie maskani isiyo yao.

Saa ina maana. Mwenye arosto hawezi kukaa na maswali, na anayesinzia baada ya unga hajaridhia chochote hata akisema ndiyo. Kwa wateja wa methadoni, muda baada ya dozi ya asubuhi hufaa. Fidia iwe nauli na chakula. Wengine hukataa kumpa mraibu pesa taslimu. Kwangu mimi nauli ni nauli, na kumlipa mhudhuriaji wa semina hotelini huku ukimnyima mtu wa maskani ni dharau.

Wahoji pia wasioitumia huduma, mama wa waraibu, mwenye duka la dawa anayeuza mabomba ya sindano, na askari wa kituo cha karibu. Huyu wa mwisho muulize jambo moja: akimkuta mtu na bomba jipya lenye nembo ya programu, anafanya nini?

Hatua ya 8: Je, ni programu iliyoleta mabadiliko?

Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 heroini iliadimika ghafla katika pwani ya Kenya. Asasi ambayo ingehesabu watumiaji kabla na baada ya kipindi hicho ingejisifia upungufu ulioletwa na soko. Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti dawa za kulevya, DCEA, ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini; tukio la ukubwa huo linaweza kugeuza bei, ubora na mchanganyiko mtaani. Nao unga ukipungua, watu huhamia vidonge na pombe, kisha unaporudi ukiwa mkali huwakuta wamepoteza uzoefu.

Kwa hiyo chora mstari wa wakati ukutani: operesheni za polisi, bei ya kete, kifungu kidogo cha unga, kwa kila robo mwaka, kufungwa kwa vituo, mwezi wa Ramadhani, na fedha. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi zilizotegemea PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ziliyumba, na takwimu za mwaka huo haziwezi kusomwa bila kulikumbuka. Kisha linganisha na mtaa unaofanana na wenu ambao hauna programu, hata kama ulinganisho ni wa mahojiano machache tu. Kama hamna mtaa kama huo, sema "mabadiliko yametokea wakati wa programu" na uishie hapo.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo, kisha andika

Kabla ya ripoti, nenda maskani na kliniki ukiwa na namba tano au sita kwenye karatasi kubwa, uwasomee. Watakusahihisha, hasa kuhusu sababu za watu kuacha. Andika masahihisho yao hata yanapopingana na uongozi.

Ripoti yenyewe ianze na jedwali la kundi la hatua ya 4, siyo historia ya asasi. Mapendekezo yasizidi matano. Kila moja liwe na cheo cha anayehusika, tarehe na gharama. "Kuimarisha uhamasishaji" siyo pendekezo. "Muuguzi wa zamu akabidhi chupa mbili za naloksoni kwa kila anayetoka soba hausi, kuanzia mwezi ujao" ni pendekezo, ila hakikisha kwanza kanuni za nchi zinamruhusu. Kama hazimruhusu, hilo sasa ni la kupeleka wizarani.

Na katika bajeti, tenga fedha za kuwatafuta tena watu wa kundi lilelile baada ya miezi 6, kabla hujatenga za kuchapa ripoti kwa rangi.